Mlinzi, Mgeni na Kibali: Kompyuta Inapoikataa Programu Halali Iliyohuishwa

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa umma na wananchi)

Amani inayotajwa katika mazungumzo haya si ile ya Unguja yenye uwanja wa michezo. Ni Amani ya milima ya Usambara Mashariki, Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga, mahali pa misitu na mvua nyingi, ambapo Wajerumani waliasisi taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza taasisi hiyo iliingia mikononi mwa Waingereza. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa maradhi ya mimea, H. H. Storey, pamoja na mwenzake R. F. W. Nichols, walishughulika hapo na balaa lililokuwa likiwakosesha wakulima chakula, nalo ni batobato la muhogo.

Kazi yao ilihitaji subira. Walikusanya aina za muhogo kutoka nchi nyingi, wakaupandisha muhogo na jamaa zake, ukiwemo mti wa mpira wa Ceara, kisha wakaiotesha miche na kuiangalia msimu baada ya msimu. Mche mpya haukupewa mkulima kwa sababu tu umependeza macho. Wala haukung'olewa kwa sababu tu haujapata kuonekana. Uliwekwa, ukapimwa, na uliostahimili ndio uliopewa kibali. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilifika hata Nigeria, na miongoni mwa aina za muhogo zinazostahimili batobato huko Afrika Magharibi zimo zenye nasaba ya Amani.

Hata hivyo, milima hiyo hiyo ina habari ya pili. Mti uitwao Maesopsis eminii uliletwa na kupandwa Usambara mwanzoni mwa karne ya 20. Ulikuwa mgeni halali, ulioletwa kwa nia njema na watu wenye elimu yao. Miaka ilipopita ulienea kwenye mianya ya msitu na kuibana miti ya asili, na wahifadhi wakalazimika kutafuta njia ya kuupunguza. Mgeni wa kwanza alipimwa akaleta neema. Wa pili alipita mlangoni, na athari zake zikaonekana alipokwisha kuota mizizi.

Habari hizi mbili zinafaa kukumbukwa na kila anayeketi mbele ya kompyuta ya ofisi, kwa sababu ndani ya kompyuta hiyo nako kuna karantini.

MLINZI WA NDANI YA KOMPYUTA

Neno karantini si geni Visiwani. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, kilitumika zamani kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuleta homa ya manjano. Msafiri aliyewekwa pale hakuwa amehukumiwa kuwa mgonjwa. Alikuwa hajajulikana hali yake, basi.

Mfumo endeshi wa kompyuta, yaani programu kuu inayoendesha nyingine zote, hufanya vivyo hivyo kwa mafaili. Katika Windows yupo mlinzi aitwaye Microsoft Defender, na mwenzake SmartScreen, ambaye tangu Windows 8 ya mwaka 2012 hukagua programu zinazopakuliwa kutoka mtandaoni. Mwaka huo huo kampuni ya Apple iliweka katika kompyuta zake mlinzi aitwaye Gatekeeper. Simu za Android nazo zina Play Protect, iliyotangazwa mwaka 2017. Faili likitiliwa shaka, mlinzi hulizuia lisifunguke, au huliondoa mahali pake na kulifungia, na kitendo hicho cha mwisho ndicho kiitwacho karantini.

Walinzi hawa wana manufaa makubwa na hakuna ofisi inayopaswa kuishi bila wao. Tatizo linalozungumzwa hapa ni pale mlinzi anapomkamata mwenye haki, hasa programu ya kazi iliyokuwa ikitumika miaka yote bila ya taabu, na ambayo imepata toleo jipya jana.

MFANO WA ASUBUHI MOJA

Na uchukuliwe mfano wa zahanati ya kijiji katika milima ile ya Usambara, au hata katika shehia ya Pemba. Karani ana programu ya daftari la wagonjwa. Mwisho wa wiki limekuja toleo jipya, akaliweka kama alivyoelekezwa. Jumatatu asubuhi kinamama wamepanga foleni na watoto wao, naye akifungua daftari anakuta kiboksi kinachosema kwamba kompyuta imelindwa dhidi ya programu isiyotambulika. Mara ya pili hata alama ya programu imetoweka kwenye kioo.

Karani ana njia tatu. Anaweza kumzima mlinzi ili kazi iendelee. Anaweza kuamini kwamba programu imeingiwa na virusi, akaifuta pamoja na kumbukumbu zilizomo. Au anaweza kutoa kalamu na daftari la karatasi, akaandika wagonjwa wa asubuhi hiyo kwa mkono, huku akiuliza kwa wahusika. Njia mbili za mwanzo ni za haraka, na zote mbili zina hasara. Ya tatu ndiyo ya mtumishi mwenye dhamana, lakini ili aifuate kwa utulivu inampasa aelewe kwanza kwa nini mlinzi amekataa.

KWA NINI MGENI HALALI HUKATALIWA

Mlinzi wa kompyuta hutumia vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni orodha ya wahalifu. Watengenezaji wa kinga huandika alama za virusi vinavyojulikana, na mlinzi hulilinganisha kila faili na alama hizo. Ikiwa programu njema ina kipande kinachofanana na alama ya kirusi, hukamatwa kwa kufanana tu, kama mtu anayesimamishwa njiani kwa kuwa kanzu yake ni ya rangi ile ile na ya mwizi.

Kipimo cha pili ni mwenendo. Programu inapojihuisha huandika mafaili mapya, hufuta ya zamani, hubadilisha mipangilio na hujisajili ili ianze kompyuta inapowashwa. Virusi navyo hufanya hayo hayo. Kwa hiyo siku ya kuhuishwa ndiyo siku ambayo programu halali hufanana zaidi na mharibifu.

Kipimo cha tatu ni sifa, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. SmartScreen hutazama ni watu wangapi wamekwisha kulipakua faili lile, na kama aliyelitia saini anajulikana. Toleo jipya, hata likiwa limebadilishwa mstari mmoja, kwa mlinzi ni faili jingine kabisa. Sifa njema ya toleo la zamani hairithiwi na faili jipya. Kinachoweza kuvusha sifa kutoka toleo hadi toleo ni saini ya kidijitali ya mtengenezaji, na asiyetia saini huanza upya kila mara kama mtu asiye na mdhamini. Hata mwenye saini, akibadilisha cheti chake, huweza kuonekana mgeni kwa muda.

Jambo hili linavigusa visiwa na vijiji kuliko miji mikubwa ya dunia. Programu inayotumiwa na mamilioni hupata sifa ndani ya saa chache. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi arobaini za wilaya, yenye maandishi ya Kiswahili na kazi ya mahali pale tu, haitafikia hesabu hiyo kamwe. Uchache wa watumiaji wake si dosari, lakini kwa kipimo cha sifa uchache huo husomeka kama shaka. Kwa hiyo ofisi ndogo zitarajie kukutana na maonyo haya mara nyingi zaidi, nazo ziwe zimejipanga.

Itakumbukwa basi kwamba kipimo hiki cha tatu kinapima ugeni, si ubaya. Onyo la programu isiyotambulika maana yake ni "ngoja". Halisemi kwamba hatia imethibitika.

MLINZI NAYE HUKOSEA

Makosa ya walinzi yamesajiliwa katika historia, wala hayakuwahusu watengenezaji wadogo peke yao.

Mwezi Mei 2007 kinga ya kampuni ya Symantec iliyafungia mafaili mawili ya Windows XP ya lugha ya Kichina, na kompyuta nyingi huko China zikashindwa kuwaka. Tarehe 21 Aprili 2010 kinga ya McAfee ililishika faili la lazima la Windows XP liitwalo svchost.exe. Kompyuta zilijizima na kujiwasha mfululizo, na miongoni mwa walioathirika zilikuwamo hospitali na idara za polisi nchini Marekani. Tarehe 19 Septemba 2012 kinga ya kampuni ya Sophos ilifikia hadi ya kuyashuku mafaili yanayoihuisha yenyewe, ikawa mlinzi amejifungia nje ya nyumba. Na mapema mwezi Septemba 2022 Microsoft Defender iliwatolea watumiaji wa Chrome na programu nyingine maarufu onyo la kirusi kisichokuwapo, hadi Microsoft iliposahihisha orodha yake.

Mafunzo ya visa hivi ni mawili. Kwanza, onyo la mlinzi si hukumu isiyokatiwa rufaa. Pili, katika kila kisa mwenye kinga alitoa orodha iliyosahihishwa. Mara nyingi, kwa hiyo, dawa ya mlinzi aliyekosea ni kumpa orodha mpya. Kumfukuza si dawa.

LAKINI MLANGO USIACHWE WAZI

Baada ya kuyasikia hayo, wapo watakaosema kwamba onyo la toleo jipya lipuuzwe daima. Maneno hayo ni ya hatari, na ushahidi wake ni mzito kuliko ule uliotangulia.

Tarehe 27 Juni 2017 nchini Ukraine, programu ya hesabu na kodi iitwayo M.E.Doc, iliyokuwa ikitumiwa na ofisi nyingi sana za nchi ile, iligeuzwa kuwa njia ya kupitishia mharibifu aliyekuja kuitwa NotPetya. Wahalifu walikuwa wameingia katika mtambo unaotoa matoleo mapya. Watumiaji hawakupakua kitu cha ovyo. Walihuisha programu yao halali. Uharibifu ulivuka mipaka hadi kwenye kampuni ya meli ya Maersk, na serikali ya Marekani ilikadiria hasara ya jumla kuwa zaidi ya dola bilioni 10.

Mwezi Septemba mwaka huo huo ikagundulika kwamba toleo moja la programu ya CCleaner lilikuwa limetiwa sumu kabla ya kutolewa. Toleo hilo lilikuwa na saini sahihi ya mtengenezaji, na lilikuwa limekwisha kuingia katika kompyuta zipatazo milioni 2.27. Mwezi Desemba 2020 ikafichuka habari ya SolarWinds, ambayo toleo lake lililoharibiwa lilipokelewa na wateja wapatao 18,000, zikiwemo ofisi za serikali ya Marekani.

Wala kukataa kuhuisha si kimbilio. Kirusi cha WannaCry kilichoenea tarehe 12 Mei 2017 katika nchi zaidi ya 150 kilipita kwenye ufa ambao Microsoft ilikwisha kutoa kiraka chake mwezi Machi wa mwaka huo. Kompyuta zilizokuwa zimepokea kiraka hicho zilikuwa na kinga dhidi ya ufa ule; nyingi za zilizoathirika hazikuwa zimekipokea.

Basi hukumu iko kati ya mambo mawili. Kuhuisha ni lazima, na kuhakikisha ni lazima pia. Mche wa muhogo na mti wa Maesopsis wote walikuwa wageni halali. Uliokuwa na kheri haukutambulikana kwa kutazamwa usoni bali kwa kupimwa.

WAJIBU WA MTUMISHI

Mtumishi anayekutana na onyo baada ya programu ya kazi kuhuishwa anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

(a) Asiendelee kubofya. Asome onyo lote na kuliandika, au kulipiga picha: jina la faili, jina la mtengenezaji kama limetajwa, tarehe na saa. Onyo lililosahauliwa haliwezi kuchunguzwa.

(b) Atofautishe aina ya onyo. "Programu haitambuliki" ni jambo moja. "Kirusi fulani kimepatikana", pamoja na jina lake, ni jambo zito zaidi. La kwanza linahitaji uthibitisho. La pili linataka programu isiguswe hadi mtaalamu atoe kauli.

(c) Atazame faili limetoka wapi. Lililopakuliwa kwenye tovuti rasmi ya mtengenezaji au ya taasisi lina asili. Lililokuja kwa flashi ya rafiki, au kwa kiungo cha barua pepe isiyotarajiwa, halina asili, hata kama jina lake ni lile lile.

(d) Aangalie saini. Katika Windows, faili hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, sifa zake zikafunguliwa, na sehemu ya saini za kidijitali ikasomwa. Jina linaloonekana hapo lilingane na la mtengenezaji anayejulikana. Hata hivyo, kama kisa cha CCleaner kilivyoonyesha, saini ni shahidi mmoja tu.

(e) Aulize kwa njia nyingine. Ikiwa taarifa ya toleo jipya imekuja kwa barua pepe, asijibu barua ile ile. Apige simu kwa kitengo cha TEHAMA cha taasisi kwa namba iliyokuwapo tangu zamani. Mlaghai aliyeleta barua ndiye atakayeijibu.

(f) Asizime kinga ya kompyuta nzima kwa ajili ya programu moja. Ruhusa ikithibitika kuwa ni haki, hutolewa na mtaalamu kwa faili hilo peke yake. Aliyezima kinga asubuhi kwa nia ya kuiwasha mchana mara nyingi hukumbuka siku virusi vilipoingia.

(g) Wakati akisubiri, kazi iendelee kwa karatasi. Kila ofisi iwe na fomu za akiba, na kumbukumbu za programu ziwe na nakala iliyohifadhiwa mahali pengine.

WAJIBU WA OFISI NA WATENGENEZAJI

Si haki mzigo wote kumwelemea karani. Mkuu wa ofisi anayemlaumu mtumishi kwa kuchelewesha kazi nusu saa ili athibitishe, anamfundisha mtumishi huyo kuzima mlinzi mara nyingine. Kuuliza kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi.

Vitengo vya TEHAMA vinapaswa kulijaribu kila toleo jipya katika kompyuta chache kabla ya kulisambaza wilayani, kama mche ulivyokaa shambani Amani kabla ya kufika kwa mkulima. Taarifa itangulie toleo, ikitaja jina la faili, namba ya toleo na siku ya kutolewa. Aidha, taarifa hiyo ibebe alama ya utambulisho ya faili. Hii ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Kwa utaratibu uitwao SHA-256 mfuatano huo una nafasi 64. Faili likiguswa hata kidogo, mfuatano hubadilika, na mtaalamu wa wilaya hugundua mara moja.

Watengenezaji wa hapa nchini wanahimizwa kuzitia saini programu zao na kuacha desturi ya kutoa faili lisilo na jina la mtu. Programu yao ikikamatwa kimakosa, wana haki ya kukata rufaa: Microsoft na kampuni nyingine za kinga hupokea mafaili kwa uchunguzi na kuyaondoa katika orodha zao yakionekana salama. Rufaa moja ya mtengenezaji huwaondolea taabu makarani wote, ilhali kila karani akitoa ruhusa yake mwenyewe, taabu hubaki pale pale.

Vyombo vya kuulizwa vipo. Kwa taasisi za Serikali iko eGAZ kwa upande wa Zanzibar, na e-GA kwa upande wa Bara. Kwa matukio ya usalama wa mtandao ipo TZ-CERT, timu ya taifa iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

KWA WANANCHI MAJUMBANI

Mwananchi mwenye kompyuta au simu yake hana kitengo cha TEHAMA. Kanuni yake iwe fupi: programu ipatikane katika duka rasmi la simu au tovuti ya mwenyewe, mfumo wa simu na orodha za kinga zihuishwe kwanza, kisha programu ijaribiwe tena, na ikiendelea kukataliwa, angoje siku mbili tatu. Programu halali iliyokamatwa kwa ugeni wake huweza kuachiwa pindi inapojulikana. Ajihadhari hasa na yeyote anayempigia simu na kumwelekeza azime kinga ili "asaidiwe". Fundi mwaminifu hamwombi mwenye nyumba amfukuze mlinzi kabla hajaingia.

HITIMISHO

Ndugu watumishi, ndugu wananchi,

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aingie chumbani bila kubisha hodi. Toleo jipya la programu ni mgeni anayetarajiwa na mwenye manufaa, na mlinzi anayemsimamisha mlangoni anafanya kazi aliyowekewa, hata pale anapokosea. Aliyebaki katikati yao ni mwenye nyumba, naye ndiye mwenye kauli.

Muhogo uliowavusha wakulima katika balaa la batobato ulikaa mikononi mwa wapimaji wa Amani msimu baada ya msimu, na hakuna aliyeliona shamba lile kuwa gereza. Mtumishi anayesubiri simu ya uthibitisho huku akiandika majina ya wagonjwa kwa kalamu naye ni mpimaji wa namna hiyo. Daftari lililoandikwa kwa mkono asubuhi moja huingizwa katika kompyuta jioni. Kumbukumbu za wagonjwa zilizoharibiwa na mharibifu, bila nakala ya akiba, hazirejei.